Nilikuja Kushukuru, Sikuja Kuposa

Tusajigwe alikuwa amesimama kando ya shamba la viazi tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kamba imezungushwa begani, akipuliza viganja vyake. Agosti ya Uporoto haina huruma. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya matuta, na umande ulikwishapenya kwenye viatu vyake mpaka soksi. Hata hivyo, baridi haikuwa ndiyo iliyomtetemesha. Aliyemtetemesha alikuwa bado njiani, amepakiwa nyuma ya bodaboda: mwanamke wa miaka hamsini na minane kutoka Ilula, mama wa mwanaume aliyempenda.

Pikipiki mbili zilitokea kwenye kona zikiunguruma kwa uchovu wa mlima. Sosthenes alishuka kwanza. Alimtazama Tusajigwe, naye Tusajigwe akamtazama, na kwa kitambo kidogo hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na watu wengine pale. Wiki tatu hawakuonana. Sosthenes alikuwa amekonda kidogo, au labda ni ile kofia ya sufu iliyomfanya aonekane mdogo. Tusajigwe alitaka kwenda kumshika mkono. Hakwenda, kwa sababu mama alikuwa anashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Rozalia hakunyoosha mkono. Alikuwa anakaza kitenge chake juu ya suruali ya traksuti. Miguuni alivaa viatu vya plastiki vya shambani, vile vyenye meno chini. "Korongo lenyewe liko wapi, binti?"

"Hapo chini, mama. Ukungu ukiondoka utaliona."

"Sikuja kuliona kwa juu."

"Kuna njia mbili, mama," Tusajigwe alisema kwa upole. "Hii ya ukingoni ni saa mbili tu. Unafika mahali unaliona lile bwawa kwa juu, tunapumzika, tunarudi. Ya chini inakula siku nzima. Unatembea ndani ya mto, unapanda mawe, kuna mahali maji yanafika kiunoni. Wengi wanaishia..."

"Mwanangu alipita wapi siku ile?"

Tusajigwe alimtazama Sosthenes. Sosthenes alitazama chini.

"Alipita chini, mama."

"Basi tushuke," alisema Mama Rozalia, akatangulia.

Tusajigwe aliishi Iyunga, ambako alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi kando ya barabara kuu. Lakini alizaliwa huku juu, na baba yake, Mzee Lutengano, ndiye aliyemfundisha kila jiwe la mto Lukuso. Ndiyo maana siku za Jumamosi aliwaongoza wageni waliopenda kutembea korongoni. Mwaka jana, wiki moja baada ya Pasaka, aliongoza vijana wa parokia moja kutoka Igawa. Mmoja wao alikuwa fundi wa pampu za umwagiliaji, mtu mpole mwenye kicheko cha chinichini, ambaye maisha yake yote yalikuwa maji ya kuvuta na kusukuma lakini hakujua kuogelea hata kidogo. Walipofika Kooni, mahali korongo linapobana mpaka kuta zake karibu zigusane, yule fundi aliteleza. Mto ulikuwa umejaa kwa mvua za masika. Tusajigwe alimrukia. Alimshikilia ndani ya bwawa chini ya mwamba dakika kumi na mbili, mpaka wenzao walipofanikiwa kuwafikishia kamba. Alitoka na mkono uliovunjika kifundoni. Sosthenes alitoka akiwa hai.

Majuma mawili baadaye Mama Rozalia alifunga safari kutoka Ilula akiwa na jogoo, tenga zima la nyanya na doti mbili za vitenge. Alipiga magoti kitaluni, mbele ya wateja, akamshika Tusajigwe miguu na kulia mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyewahi kumshukuru Tusajigwe namna ile.

Kisha siku zikapita. Sosthenes akawa anapiga simu kila Jumapili. Baadaye akawa anakuja. Na mwezi wa tano mwaka huu alimpigia mama yake, Tusajigwe ameketi ubavuni pake, akaweka sauti kubwa ili wote wawili wasikie furaha yake. "Mama, nataka kumwoa Tusajigwe." Sauti ya Mama Rozalia ikasema taratibu, "Yule binti nilikuja kumshukuru, Sosthenes. Sikuja kumposa." Akakata.

Hakueleza sababu. Sosthenes alidhani ni dini, kwa kuwa wao ni Wakatoliki na kina Tusajigwe ni Wamoraviani. Dada yake alidhani ni kabila. Miezi mitatu ilipita hivyo, mpaka wiki iliyopita mama alipopiga simu mwenyewe na kusema nipeleke nikaone mahali pale.

Na Tusajigwe alikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu, hata baba yake. Tangu siku ile hakuwahi kupita Kooni tena. Wageni wote aliwapitisha njia ya juu, akiwaambia ya chini imeharibika.

*

Kushuka kuliwachukua zaidi ya saa. Njia ilipita kwenye mianzi, ikawa ngazi ya mizizi, halafu ikawa udongo mtupu wa kutelezea. Tusajigwe alifunga kamba kwenye shina, akamwonyesha Mama Rozalia pa kushika, akanyoosha mkono.

"Naona," alisema Mama Rozalia, akaupita mkono ule. "Nimepandisha matenga ya nyanya kutoka bondeni kabla wewe hujazaliwa."

Na kweli alikuwa na miguu. Alikanyaga kwa ubapa, bila haraka. Alivuta pumzi puani kama mtu anayehesabu. Sosthenes aliyekuwa nyuma yao ndiye aliyeteleza mara mbili akakalia matope. Mara ya pili Tusajigwe alishindwa kujizuia, akacheka, na akasikia mama naye ametoa mguno mdogo uliokaribia kuwa kicheko. Alipogeuka, uso wa mama ulikuwa umeshajifunga tena.

Chini kabisa mto uliwapokea kwa kelele. Maji yalikuwa machache, ya kiangazi, safi mpaka unaona kokoto, lakini yalikuwa ya baridi ya kuuma mifupa. Kuta za mwamba zilipanda pande zote mbili, zimevaa majani yaliyochuruzika maji. Walivuka mara ya kwanza wakiruka mawe. Mara ya pili ilibidi waingie. Maji yalimfika Mama Rozalia mapajani, akashika msalaba wa rozari shingoni na kusema maneno ya Kihehe ambayo Tusajigwe hakuyaelewa.

"Anasemaje?" alimnong'oneza Sosthenes.

"Anauambia mto uwe na adabu."

Saa tano walipumzika kwenye jiwe pana lililopigwa na jua. Tusajigwe alimimina chai ya chupa, akamenya viazi vya kuchemsha, akampa mama vikubwa. Mama Rozalia alikula kimya, kisha akasema anakwenda kuanika soksi zake kule penye jua zaidi. Aliketi mbali, amewapa mgongo. Labda alifanya makusudi.

"Umekonda," Tusajigwe alisema.

"Na wewe hulali. Nakuona macho."

"Sosthenes, tukitoka huku, kama mama bado amekataa, tuache."

Aligeuka kwa ghafla hata chai ikamwagika. "Tuache nini?"

"Hili. Mimi na wewe."

"Kwa sababu ya mama?"

"Si mama peke yake." Tusajigwe alikuwa anachuna mshono uliofumuka kwenye begi lake. "Nikuulize kitu, unijibu kweli. Ingekuwa siku ile hukuanguka. Ungekuja tu, ukatembea, ukapiga picha, ukarudi Igawa. Ungenikumbuka?"

"Swali gani hilo?"

"Unaona? Hujibu. Kila ukinitazama unaona yule aliyekutoa kwenye maji. Ukiniletea zawadi, ni asante. Ukinipigia simu, ni asante. Nitaishije na mwanaume anayenishukuru? Tutagombana vipi? Nikichoma ugali utasema nini, asante umeniokoa? Shukrani inaisha, Sosthenes. Siku itakapoisha nitakuwa nimebaki na nini?"

"Tusa, sikiliza..."

"Sitaki kuwa msaada. Nataka kuwa mke."

Sosthenes alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, na jambo hilo ambalo kwa kawaida Tusajigwe alilipenda sasa lilimuumiza. Kabla Sosthenes hajapata neno, Mama Rozalia alisimama akavaa soksi zake mbichi.

"Jua linakwenda," alisema. "Bado mbali?"

"Nusu saa, mama," alijibu Tusajigwe.

*

Kooni unapasikia kabla ya kupaona. Sauti ya mto inabadilika, inakuwa nzito, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Kuta zinakaribiana na mwanga unapungua. Hapo huwezi tena kupita majini. Upande wa kushoto kuna kijia kilichochongwa na maji kwenye mwamba, upana wake ni unyayo mmoja, urefu wake kama hatua ishirini, na chini yake ndipo lilipo bwawa, jeusi, limetulia kama halijafanya lolote.

Sosthenes alitangulia. Alikuwa ameomba yeye atangulie, na alivuka akiwa amebandika kifua ukutani, bila kutazama chini. Alipofika ng'ambo alifunga kamba kwenye jiwe, akawarushia ncha ya pili.

"Mama, shika kamba. Tusa atakuwa mbele yako."

Tusajigwe aliifunga ncha ile. Alivuta kuhakikisha. Akaweka mguu wa kushoto kwenye kijia, na mkono wa kulia, ule uliovunjika, akaupeleka kwenye ufa wa mwamba aliokuwa akiushika tangu akiwa na miaka tisa.

Mkono haukushika.

Vidole vilikuwa pale, anaviona, lakini havikufunga. Masikioni mwake maji yalikuwa ni yale ya Pasaka, mekundu kwa udongo, na kichwa cha mtu kinazama kinaibuka. Alirudi nyuma, akakaa chini kwenye mawe, akashindwa kuvuta pumzi.

"Tusa!" Sosthenes alipiga kelele ng'ambo. "Tusa, kuna nini?"

Tusajigwe alikuwa kiongozi wa safari. Alikuwa msichana aliyeruka. Na sasa alikuwa anatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, mbele ya mtu ambaye alitamani sana amwone shujaa.

Mama Rozalia aliinama akamtazama usoni. Kisha akakaa, na yeye, kwenye mawe yale yale yenye maji, kitenge kikaloa.

"Hujawahi kurudi hapa," alisema. Haikuwa swali.

Tusajigwe alitikisa kichwa.

"Na asubuhi niliposema tushuke, ukakubali."

"Ningesemaje, mama?"

"Ungesema unaogopa."

"Mtu aliyemwokoa mwanao hawezi kusema anaogopa."

Mama Rozalia alivuta pumzi ndefu. Akamshika kile kifundo cha mkono, akakipapasa kwa kidole gumba mpaka akaipata ile nundu ya mfupa ulioungana vibaya.

"Nitakwambia kitu," alisema. "Ukimaliza kukisikia, tutavuka. Mimi sina neno na kabila lako. Dini, tutakaa na padri. Tatizo langu ni kwamba nikikutazama wewe, sikuoni. Namwona Sosthenes majini. Siku ile kitaluni nilipokushika miguu, nilikuwa nashukuru, lakini nilikuwa pia nazika. Nikasema moyoni, huyu akiwa mkwe wangu, kila asubuhi atakayoniambia shikamoo mama, mimi nitakuwa namzika mwanangu upya. Sikuweza. Nikakata simu, nikalia jikoni." Alijifuta pua kwa upindo wa kitenge. "Ndiyo maana nimekuja. Nilitaka nipaone mahali penyewe, nipachukie hapa, nisikuchukie wewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya. Leo mimi ndiye natangulia. Mkono mmoja kwenye kamba, mwingine nipe mimi. Usitazame bwawa. Tazama kisogo changu."

"Mama, utateleza."

"Kwa viatu hivi?"

Wakavuka. Mama Rozalia mbele, ubavu kwa ubavu na mwamba, akikanyaga kwa ubapa kama anapita tuta la nyanya. Mkono wake ulikuwa mkavu, mgumu, wa kulima. Tusajigwe alitazama kisogo kile chenye kilemba cha bluu na hakuona kingine. Hatua ya kumi mguu ulicheza, kokoto ikaanguka chini ikalia chubwi. Mkono wa mama ukakaza, wala haukuvuta. Ulimsubiri tu mpaka unyayo ukapata pake.

Sosthenes aliwapokea mmoja mmoja. Alipomshika Tusajigwe hakumwachia, na mama hakusema lolote.

"Ndaga, mama," Tusajigwe alisema, Kinyakyusa kikamtoka chenyewe. "Ndaga fijo. Asante sana."

"Kumbe na wewe unajua kushukuru," alisema Mama Rozalia. "Nilidhani kazi yako ni kushukuriwa tu."

*

Ng'ambo ya Kooni kuna ufukwe mdogo wa mchanga, na kutoka pale bwawa linaonekana lote. Mama Rozalia alisimama ukingoni muda mrefu. Alifanya ishara ya msalaba. Akasali Salamu Maria kwa sauti ya chini, akakaa.

"Niambie ilivyokuwa," alisema. "Yote. Sosthenes hakumbuki vizuri."

Tusajigwe angeweza kusema lile ambalo amekuwa akisema kwa kila aliyemuuliza. Lakini mkono wake ulikuwa bado na joto la mkono wa mama.

"Nilimkamata hapa, chini ya lile jiwe," alianza. "Mkono mmoja kwenye mwamba, mmoja kwake. Mwanzo nilikuwa na nguvu. Baadaye mkono wa mwamba ukavunjika, nikausikia, kama kijiti. Nikabaki nimeegemea kwa bega. Na kisha, mama..." Akasita. "Kisha nilichoka. Niliwaza kumwachia. Si kuwaza tu. Niliamua. Nilisema, Mungu nisamehe, simjui huyu mtu, nina baba yangu. Nikafungua vidole."

Sosthenes hakusogea.

"Lakini vidole vilikuwa vimenasa. Mkanda wa begi lake ulikuwa umejizungusha kwenye mkono wangu, sikuweza kuutoa. Ndipo kamba ikaja. Basi. Mnanishukuru mimi, mnaniletea jogoo, mnanipigia magoti, na mimi nilishamwachia. Aliyemwokoa Sosthenes ni mkanda wa begi."

Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele. Mwaka mmoja na miezi minne alikuwa ameyabeba. Sasa alingoja tu aone uso wa mama ukibadilika.

Mama Rozalia aliokota kokoto, akaisafisha kwa kidole, akaiweka chini.

"Uchungu wa huyu," alisema, akimwonyesha Sosthenes kwa kidevu, "ulinishika Ijumaa. Akazaliwa Jumapili. Jumamosi jioni nilimwambia mkunga, mwacheni afe tu, mimi nimechoka, nataka kulala. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Sijamwambia mtu. Hata padri sijamwambia."

"Mama!" alisema Sosthenes.

"Nyamaza, unaongelewa." Alimgeukia Tusajigwe. "Tuko wawili duniani tuliomchoka huyu mpaka tukamwachia, na bado yupo. Basi na tumshukuru Mungu kwa mkanda. Tumshukuru na mkunga. Na wewe uliyeruka, kwa sababu mkanda haukuruka wenyewe. Nani aliyeruka?"

Mama alimvuta Tusajigwe kichwa, akakilaza begani pake. Akamwacha alie mpaka amalize.

Alipotulia, mama alisimama akijipukuta mchanga. "Naona maua mazuri pale," alisema, ingawa pale hapakuwa na ua hata moja, akaondoka.

Sosthenes alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Niliona uso wako. Nilikuona umefika mwisho. Nilitaka kukwambia niachie, usife na mimi. Nikafungua mdomo, maji yakaingia."

Tusajigwe alimtazama. Kope zake zilikuwa na matone, ya mto au ya machozi yake.

"Na lile swali lako," aliendelea, "umeniuliza ghafla, nikawa natafuta jibu. Nimelipata wakati nimesimama pale nawatazama mnavuka. Mimi sikukupenda siku ile, Tusa. Siku ile nilikuwa natapika maji. Na zile simu za mwanzo, kweli, zilikuwa za asante. Sikudanganyi."

"Halafu?"

"Halafu mwezi wa kumi na moja nilikuja kitaluni, nikakanyaga miche yako. Kumi na minne. Ukanigombeza mbele ya watu. Ukaniambia nina miguu kama trekta, niondoke, na nisirudi mpaka nijifunze kutembea. Nilipanda basi nacheka peke yangu. Abiria mwenzangu akahama kiti. Nilipofika Igawa nilikuwa nimeshakupenda."

"Kwa kukugombeza?"

"Mtu hamgombezi hivyo mtu anayemwonea huruma. Nikajua umenisahau kama majeruhi. Umeniona kama mimi." Alishusha sauti. "Na kitu kingine. Najifunza kuogelea."

"Wapi?"

"Kwenye mfereji wa mpunga. Jioni. Watoto wa Igawa wanakuja kunitazama, wananipigia makofi. Nimefika mita nane. Nilitaka siku ya harusi usiolewe na mtu uliyemtoa majini. Uolewe na mtu ambaye angalau anaweza kukufuata humo."

Tusajigwe alicheka, na kicheko kikageuka kilio, kikarudi tena kuwa kicheko. Alimshika mashavu kwa mikono yake yote miwili, na ule mbovu ulishika vizuri kabisa.

"Mita nane," alisema.

"Nane na nusu, siku nikiwa nimeshiba."

*

Kutoka korongoni ni kupanda kwa mikono na magoti. Saa tatu nzima walivutana, wakisukumana, wakikaa kila baada ya hatua hamsini. Mara kamba ilishikwa na Sosthenes, mara na Tusajigwe, mara mama alikuwa mbele akiwaonyesha mizizi imara na iliyooza. Hakuna aliyeukwepa mkono wa mwenzake tena. Kwenye mwinuko wa mwisho Mama Rozalia aliuliza, akihema, "Huyo baba yako Lutengano, mgeni akija anampa chai au pombe?"

"Chai, mama. Ni Mmoraviani."

"Hilo nalo tutalizungumza."

Walitokea juu jua likiwa limeshuka upande wa Mbeya mjini, mashamba ya pareto yamejaa mwanga wa njano. Mama Rozalia alijitupa kwenye nyasi, akavua viatu, akainyoosha miguu yake iliyovimba. Tusajigwe alipiga magoti akaanza kumkanda nyayo, na mara hii mama alimwachia mguu bila neno.

"Sosthenes," alisema, amefumba macho. "Toa simu."

"Ya nini, mama?"

"Mpigie baba yako mdogo Filemoni. Mwambie Jumamosi ijayo nina kazi naye huku Mbeya. Avae koti, na asije na maneno mengi. Posa ni posa."

Sosthenes alibaki ameshika mfuko wa suruali. Tusajigwe aliacha kukanda. Upepo ulipita kwenye pareto.

"Mama..." Sosthenes aliitoa simu, akatazama kioo chake. "Mama, hapa hakuna mtandao."

"Unapatikana wapi?"

"Kule juu," alijibu Tusajigwe, akionyesha kilima kilichofuata. "Lakini ni mwendo wa dakika ishirini, mama, na umechoka. Tukifika nyumbani..."

Mama Rozalia alikuwa ameshavuta viatu vyake. Alivivaa kimoja kimoja, akasimama huku akishika kiuno, akakikaza upya kitenge chake.

"Inukeni," alisema, na tayari alikuwa anapanda. "Filemoni akishakula, hashiki simu."

Wakainuka. Safari hii Sosthenes alimshika Tusajigwe mkono waziwazi, mchana kweupe, wakamfuata.